Usalama wa kruu ya taa kwenye shoo: namna ya kuupanga kuanzia kabla ya lori kupakiwa mpaka kebo ya mwisho kurudi boksini

Wakuu, watu wengi wakisikia usalama kazini kwenye upande wa taa za shoo wanawaza helmeti na viatu vya chuma, basi wamemaliza. Helmeti iko mwisho kabisa kwenye foleni, unaivaa kwa sababu vingine vyote vinaweza kushindikana. Vinavyoua kwenye kazi hii vinajulikana: umeme, kuanguka, kuangukiwa, moto na uchovu. Na nyuma ya karibu vyote hivyo utakuta ratiba iliyobanwa, geti linafunguliwa saa 12 jioni, saa 10 trasi (ile fremu ndefu ya mabomba inayobeba taa) bado iko chini na kila mtu anapiga kelele.

Ndio maana mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata muda wa kazi. Kuna maamuzi ukiyafanya wiki moja kabla hayakugharimu chochote, ukija kuyafanya geti likikaribia kufunguliwa ujue hayatafanyika, utaambiwa "tumalize kwanza tutaongea". Nimemwandikia zaidi yule anayesimamia kruu, ila hata kama wewe ni fundi wa kuvuta kebo soma, utajua cha kumuuliza bosi.

Hatua ya 1: Kaa na karatasi kabla lori halijapakiwa

Chukua mchoro wa taa na orodha ya vifaa, pita mstari kwa mstari. Kwa kila kazi jiulize nini kinaweza kumuumiza mtu hapa, ni nani atakayekuwepo, na tunafanya nini. Kwenye hilo la mwisho kuna mpangilio na usiuruke: kwanza ona kama hatari inaweza kuondoka kabisa, ikishindikana badilisha kifaa, ikishindikana weka kizuizi, halafu taratibu na mabango, na mwisho kabisa ndio vifaa vya kuvaa.

Mfano wa kawaida, una taa 24 zinatakiwa zikae mita 8 juu. Mtu wa haraka anawaza ngazi na hanesi (mikanda ya kujifunga mwilini usianguke). Ukikaa ukafikiria unaona trasi inaweza kushushwa mpaka usawa wa kiuno, taa zote zikafungwa, zikaunganishwa na kujaribiwa hapo chini, ndio ikapandishwa, kwahiyo kazi ya juu imeondoka karibu yote. Na kama ulikuwa umepanga taa za kuelekeza kwa mkono ukabadilisha zikawa za kujigeuza zenyewe kutoka kwenye konsoli (meza ya kuongozea taa), hata kule kupanda kwenda kufokasi, yaani kuzielekeza taa, kumeondoka. Hiyo ndio kazi ya usalama, imefanyika mezani na hakuna aliyevaa chochote.

Hesabu ya uzito ifanyike hapahapa. Taa, klampu, trasi yenyewe, mota za kuinulia na cheni zake, mapazia, na KEBO. Kebo ndio watu wanaisahau, bando la kebo nene za umeme likipita kwenye trasi ndefu linaweza kuongeza uzito mpaka ushangae, na kibaya zaidi mara nyingi limeshukia upande mmoja tu, kule dima (mashine za kupunguza na kuongeza mwanga) zilipo.

Kingine andika majina. Nani anasimamia umeme, nani anasimamia kunyanyua, nani anashika kontrola ya mota. Na sheria moja ambayo naona ina maana kuliko makaratasi yote: kusema SIMAMA ni haki ya kila mtu, hata dogo aliyeanza leo, lakini kusema endelea ni ya mtu mmoja tu ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Ukiacha watu watano waruhusu kazi iendelee, siku moja wawili wataruhusu vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja.

Halafu pigania muda. Mwambie meneja wa uzalishaji unataka masaa ya kunyanyua ambayo chini hakuna watu wa sauti, hakuna maseremala wa jukwaa, hakuna wacheza dansi wanaojipasha. Iingie kwenye ratiba kwa maandishi. Isipoandikwa haipo.

Hatua ya 2: Ukumbi wenyewe

Nenda kauone kabla, na kama huwezi basi omba picha na michoro. Unachotafuta ni hivi: paa linabeba kiasi gani kwenye kila pointi (jibu liwe la maandishi kutoka kwa injinia au mwenye ukumbi, "huwa wanafungia hapo" sio jibu), swichi kuu ya umeme iko wapi na ufunguo anao nani, vitambua moshi ni vya aina gani, na milango ya dharura inafunguka au imefungwa kwa mnyororo.

Hiyo ya milango usiichukulie poa. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois kule Chicago uliungua katikati ya onyesho la mchana na watu zaidi ya 600 wakafa. Moto ulianzia kwenye taa ya aki (inayotoa mwanga kwa cheche ya umeme) iliyoshika pazia. Pazia la kuzuia moto likashushwa, likakwama njiani, na watu walipokimbilia milangoni wakakuta mingine imefungwa na mingine haifunguki kirahisi. Taa ilikuwa yetu, milango haikuwa yetu, lakini waliokufa ni walewale. Kwahiyo ukipanga njia ya kebo au ukiweka boksi za vifaa, usiweke mbele ya mlango wa kutokea hata kwa dakika 10, na pazia lolote linaloning'inia karibu na taa ya moto liwe limetiwa dawa ya kuzuia moto na cheti chake kionekane.

Hatua ya 3: Kikao cha asubuhi

Dakika 10 zinatosha. Wasimame wote, sio wa taa peke yao, na vibarua wa kubeba mizigo wawepo maana ndio wanaumia sana na ndio hawaambiwi kitu. Waambie leo kinanyanyuliwa nini na saa ngapi, eneo gani ni marufuku kupita, boksi la huduma ya kwanza liko wapi, nani anajua kulitumia, tukitoka kwa dharura tunakutana wapi. Uliza kama kuna mtu hakulala. Uliza kweli, na akisema ndio mpe kazi ya chini, usimcheke mbele za watu la sivyo hutaambiwa tena.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa tukae kidogo.

Cha kwanza ondoa hii imani kwamba breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ipo basi tuko salama. Breka ya ampia 16 inalinda waya usiungue. Mwili wa binadamu ukipitiwa na miliampia 10 hivi misuli inaweza kukaza ukashindwa kuachia, na kuanzia miliampia 30 na kuendelea moyo uko hatarini, na hizo ni ndogo sana mbele ya ampia 16, breka haitajua hata kama kuna mtu anakufa. Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampia 30 (swichi inayokata umeme ukianza kuvuja), na ethi, yaani waya wa ardhini, iliyo nzima. Kila saketi inayolisha kitu ambacho mtu atashika, iwe taa, ekstensheni ya konsoli au mashine ya moshi, ipite kwenye RCD, na asubuhi ubonyeze kile kitufe cha kujaribu. Isipokatika iondoe.

Mzigo hesabu kwa penseli. Volti 230 mara ampia 16 ni wati 3680, kwahiyo taa 3 za wati 1000 zinakaa, ya nne imepitiliza hata kama breka itavumilia nusu saa kabla ya kukata katikati ya wimbo. Kama uko kwenye nchi ya volti 120 piga hesabu yako na hizo, usibebe namba za mwenzio.

Ekstensheni ya kuviringisha fungua YOTE. Angalia ubavuni mwa lile gurudumu, nyingi zimeandikwa wati mbili tofauti, ndogo ikiwa imeviringishwa na kubwa ikiwa imefunguliwa yote. Kebo iliyoviringishwa yenye mzigo mkubwa inajipasha yenyewe kama koili ya jiko, plastiki ya ndani inalainika, waya zinagusana, na kwa nje unaona gurudumu zuri tu limekaa nyuma ya jukwaa.

Sasa fezi tatu. Zile plagi kubwa za waya mojamoja zina mpangilio wake na hauna mjadala: umeme umezimwa na swichi imefungwa kwa kufuli, ethi inaingia kwanza, halafu nyutro, halafu fezi. Wakati wa kutoa ni kinyume, fezi kwanza, nyutro, ethi mwisho. Sababu ni kwamba muda wowote kebo ikiwa imeunganika ethi iwepo. Na nyutro tuiheshimu maana wengi wanaona ni waya wa bure usio na kitu. Nyutro ikilegea kwenye mfumo wa fezi tatu, zile volti 230 zinaanza kuhama, fezi yenye mzigo mwepesi inapanda kuelekea 400 na yenye mzigo mzito inashuka. Dalili zake ukizijua unazishika mapema: taa za upande mmoja zinang'aa kupita kawaida, za upande mwingine zinafifia, feni za ndani ya taa zinabadilisha mlio, halafu unasikia harufu. Ukiona hivyo usiende kubonyezabonyeza konsoli kutafuta tatizo, zima kwenye swichi kuu, halafu ndio mtafute muunganiko uliolegea. Kabla ya kuunganisha taa hata moja pima volti kati ya kila fezi na nyutro na kati ya fezi na fezi, uandike. Inachukua dakika mbili.

Jenereta: iwekwe ethi na fundi umeme anayejua mfumo wake, iwe mbali na hema na mbali na mahali hewa inapoingilia, maana moshi wake una kaboni monoksaidi na hiyo haina harufu ya kukushtua. Usijaze mafuta ikiwa inawaka. Nje, miunganiko yote ya kebo inyanyuliwe kutoka ardhini, sio kufunikwa na mfuko wa nailoni ambao unashika maji ndani badala ya kuyazuia. Namba ya IP inaonyesha kinga ya kifaa: kilichoandikwa IP20 hakina kinga yoyote ya maji, IP44 kinavumilia kurushiwa, IP65 kinavumilia maji ya kupigwa na bomba. Soma namba, usiangalie umbo.

Mtu akipigwa na umeme: usimshike, zima kwanza. Kisha angalia kama anapumua, piga simu ya dharura, na kama hapumui anza kukandamiza kifua, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiwa umefundishwa pumzi basi 30 kwa 2. Mashine ya kushtua moyo ikiwepo ukumbini mtume mtu aifuate wakati wewe unaendelea. Na hata aliyeamka akasema yuko poa apelekwe hospitali, moyo unaweza kusumbua baadae.

Hatua ya 5: Kunyanyua

Kama huna mtu wa rigingi (kazi ya kuning'iniza vitu juu) mwenye sifa, usinyanyue, tumia stendi za chini ubadilishe muonekano. Hilo nalisema mapema.

Vifaa kwanza. Slingi (mikanda ya kunyanyulia), shakli (pingu za chuma za kuunganishia), mota, kila kimoja kiwe na alama ya uzito wake wa kazi na tarehe ya kukaguliwa inayosomeka. Slingi za kitambaa kwenye viwango vya Ulaya zina rangi, zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, ila soma lebo, usiamini rangi peke yake maana nyeusi za kwenye shoo hazina rangi ya kukuambia kitu. Lebo ikikatika slingi imekufa. Na vitu vikining'inia juu ya vichwa vya watu, riga (mafundi wa rigingi) wengi hawajazi mpaka namba ya lebo, wanaishia nusu yake.

Halafu kuna hili ambalo nimeona watu wazima wenye uzoefu wakibishania. Trasi ndefu, mzigo umesambaa sawa, jumla kilo 900, mota tatu: mbili mwishoni na moja katikati. Ukimuuliza mtu kila mota inabeba ngapi atakwambia 300. Sivyo. Trasi ikiwa imeunganika moja kwa moja, mota ya katikati inabeba asilimia 62.5, yaani kilo 562 hivi, na za pembeni kilo 169 kila moja. Kama zote tatu ni mota za kilo 500 umeshapitiliza na hakuna aliyeona, trasi imenyooka, inapendeza. Na hiyo ni ikiwa imekaa levo kabisa. Yule wa katikati akitangulia kidogo kupanda anabeba zaidi, akichelewa mzigo unahamia pembeni na trasi inapinda mahali ambapo hukutarajia. Dawa ni vipimo vya mzigo vya kuning'iniza kwenye kila pointi, au kumpa injinia apige hesabu, na wakati wa kupandisha uwe na watu wa kuangalia kila mwisho, mmoja tu anatoa amri.

Pembe nayo. Mzigo wa kilo 200 ukishikwa na miguu miwili ya slingi iliyopanuka nyuzi 60 kati yake, kila mguu unavuta kilo 115 hivi. Panua mpaka nyuzi 120, kila mguu unavuta 200 nzima. Mzigo ni uleule.

Slingi ya kitambaa na taa za moto haviendi pamoja. Poliesta inaanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 100 hivi na inayeyuka kwenye 260, kwahiyo kila mahali slingi ya kitambaa imeshika trasi weka na ya chuma ya akiba, imekazwa, sio inayolegea nusu mita.

Taa yenyewe ina klampu na ina waya wa sefti. Waya upite kwenye jicho la sefti la taa na uzunguke bomba kuu la trasi, sio kwenye klampu ileile unayotaka kujikinga isifeli, na uwe mfupi, taa ikichomoka isianguke zaidi ya sentimita 20 kabla ya kushikwa. Kitu kikianguka mita nzima ndio waya ukakishika, ule mshtuko ni mkubwa mara nyingi kuliko uzito wa taa. Fremu za rangi na milango ya pembeni ya taa nayo ina sefti yake.

Trasi ikisogea, hakuna mtu chini, hakuna mtu juu yake, muziki umezimwa. Kelele ya "VICHWA!" ikisikika watu wasitazame juu kushangaa, wasogee. Ukinyanyua simama ikiwa mita moja, zunguka, kagua kila klampu kwa mkono, gusa kila waya wa sefti, ndio iendelee kupanda.

Hatua ya 6: Anayelazimika kupanda

Spana ikidondoka kutoka mita 10 inafika chini na spidi ya kilomita 50 kwa saa. Kwahiyo kila kitu mfukoni kinaachwa chini pamoja na simu, na kila zana inafungwa kamba kwenye mkono au mkanda.

Ngazi ya kuegemeza, kila mita 4 kwenda juu mguu wake utoke mita 1. Jukwaa la magurudumu halisukumwi mtu akiwa juu, hata kama ni "hapo tu". Mashine ya kunyanyulia watu inaendeshwa na aliyefundishwa, na miguu yake ya pembeni inakanyaga mahali ambapo umeshajua kuna nini chini, maana sakafu za jukwaa na vifuniko vya mashimo vinadanganya.

Hanesi inaleta imani ya uongo kama hujapiga hesabu. Ile kamba ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko, ikifunguka yote ukajumlisha na urefu wa mtu na nafasi ya akiba, inahitaji mita 6 hivi za uwazi chini ya pointi uliyojifunga. Uko kwenye trasi ya mita 4? Utafika chini kabla haijamaliza kazi yake. Kwenye kimo kama hicho tumia kamba fupi inayokuzuia kufika ukingoni kabisa. Na aliyeanguka akabaki ananing'inia ashushwe ndani ya dakika chache, damu inakwama miguuni, kwahiyo swali la "tunamshushaje" lijibiwe kabla hajapanda, kwa vifaa vilivyopo hapo. Kusubiri zimamoto sio mpango.

Halafu kuna ile ya mkurugenzi amekaa kwenye viti anasema "dogo, panda uigeuze kidogo tu, sekunde moja". Jumla ya zile sekunde mojamoja ndio siku nzima ya kazi ya juu bila maandalizi. Zikusanye, andika taa zote anazotaka zirekebishwe, shusha trasi au panda mara moja kwa utaratibu.

Hatua ya 7: Mwanga, joto, moshi

Halojeni na taa za diskaji (zinazotoa mwanga kwa umeme kupita kwenye gesi) zinaunguza muda mrefu baada ya kuzimwa, subiri zipoe, vaa glavu, usiguse kioo cha globu kwa vidole maana mafuta ya ngozi yanatengeneza doa la joto na globu inapasuka. Za xenon zina presha kubwa hata zikiwa baridi, kwahiyo kubadilisha unavaa kinga ya uso. Kioo cha mbele cha taa ya diskaji kikiwa na ufa usiiwashe, miale ya UV inatoka na jioni yake macho yanawasha kama yamemwagiwa mchanga na ngozi inaungua. Kila taa ina alama ya umbali wa chini kabisa kutoka kwa kitu kinachoweza kushika moto, imeandikwa kwa mita ubavuni. Hiyo ndio unapima mpaka kwenye pazia.

Moja ya shoo za nje ambayo wengi hawaijui: taa kubwa za kujigeuza zikiwa zimezimwa mchana, lenzi ikitazama jua, jua linaingia kinyumenyume, linakusanywa na lenzi, linachoma ndani. Unakuta moshi unatoka kwenye taa ambayo haijawashwa. Zielekeze chini au zifunike, na watengenezaji wengi wameandika onyo hilo kwenye vitabu vyao.

Strobu (taa za kumwekamweka): kuna watu wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na mipigo kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndio yenye shida. Kaa chini ya 3 kwa sekunde, kama una strobu nyingi zipige pamoja, maana mbili zisizolingana zinazalisha kasi kubwa kuliko uliyoweka kwenye konsoli. Bango liwekwe mlangoni kabla mtu hajaingia.

Leza za daraja la 4 zinaanzia miliwati 500 na zinaharibu jicho haraka kuliko kupepesa. Aziendeshe mwenye mafunzo, mwale upite juu sana ya vichwa (nchi kadhaa zinataka angalau mita 3 kutoka sakafu ya watazamaji), kitufe cha kuzimia kiwe mkononi mwa mtu anayeona ukumbi. Kamera za wapiga picha nazo zinaharibika, waambie.

Moshi na hezi (ukungu mwepesi wa kuonyesha miale): tumia maji ya mtengenezaji wa mashine ileile. Sakafu mbele ya mashine inateleza, ifute. Kitambua moshi kikizimwa, kizimwe na mwenye ukumbi kwa maandishi, awekwe mtu wa kuangalia moto, na kiwashwe usiku huohuo. Barafu kavu ni nyuzi 78 chini ya sifuri, na gesi yake ya kabonidaioksaidi ni nzito kuliko hewa, inashuka na kukaa kwenye shimo la wanamuziki na chini ya jukwaa. Kule chini kuna watu wamekaa wakipuliza tarumbeta. Weka kipimo cha gesi na feni, na asitumwe mtu kwenda kumtoa aliyezimia kule bila kinga, ataungana naye.

Hatua ya 8: Shoo inaendelea

Taa zikizimwa ghafla watu wanaanguka kutoka jukwaani, kwahiyo kingo na ngazi zote ziwe na teipu nyeupe au inayong'aa na taa ndogo za bluu nyuma. Kebo zinazokatiza njia zipite kwenye daraja la kebo.

Masikio: kwenye desibeli 85 unaweza kukaa masaa 8, kila zikiongezeka 3 muda unagawanyika mara mbili, ukifika 100 una dakika 15. Opereta wa taa anakaa hapo shoo nzima, viziba masikio viwe kwenye droo ya konsoli.

Nje, upepo ndio bosi. Nguvu yake inakua kwa kipeo cha pili, spidi ikiwa mara mbili msukumo ni mara nne. Agosti 13, 2011 paa la jukwaa liliangushwa na upepo wa dhoruba kwenye Indiana State Fair, Marekani, kabla ya Sugarland kupanda, watu 7 wakafa. Siku 5 baadae dhoruba ikapiga Pukkelpop kule Ubelgiji, wakafa 5. Toronto, Juni 16, 2012, jukwaa la Radiohead liliporomoka bila dhoruba yoyote, mchana kabla watazamaji hawajaingia, likamuua fundi wa ngoma. Unachofanya ni hiki: weka kipima upepo juu kabisa ya jukwaa, chukua namba za injinia wa jukwaa hilo hilo, andika kwenye karatasi spidi hii tunashusha mapazia na skrini, spidi hii tunashusha trasi, spidi hii tunaondoa watu, na nani anabonyeza. Yakubaliwe na promota siku moja kabla, akiwa ametulia. Wakati mawingu yameshafunga na watu elfu kadhaa wanaimba, hakuna promota atakayekubaliana na wewe.

Hatua ya 9: Kufungua vifaa usiku

Hapa ndio pabaya. Kila mtu amechoka, kila mtu anataka kwenda kulala, na ule utaratibu wote wa asubuhi unasahaulika ndani ya dakika 5 baada ya wimbo wa mwisho. Mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na kwenye kruu yetu masaa 17 ni kawaida tu.

Kama bajeti inaruhusu leta kruu nyingine ya kufungua, hata nusu yake. Kama hairuhusu, angalau anayeshika mota na anayekata umeme wawe wamelala mchana. Rudia kikao, dakika 5, maji ya kunywa na chakula viwepo. Taa za kazi ziwake zote kabla ya kitu chochote kusogea, watazamaji watoke kabisa, umeme ukatwe na kufungwa kufuli, taa zipewe muda wa kupoa, ndio trasi ishuke. Boksi nzito zibebwe na watu wawili au wanne kadiri zilivyoandikwa, na kwenye ramp ya lori asiwepo mtu upande wa chini wa boksi.

Dereva wa lori asiwe mmoja wa waliofunga toka asubuhi. Hilo lilitakiwa liwe kwenye bajeti ya hatua ya 1, pamoja na vyumba vya kulala.

Hatua ya 10: Daftari

Andika ajali, lakini andika zaidi zile zilizokaribia kuwa ajali: klampu iliyokutwa haijakazwa, RCD iliyokatika mara mbili, slingi iliyokwaruzwa. Tarehe, kifaa namba ngapi, nani aliona, kimefanywa nini. Usiandike jina kwa nia ya kumkomoa mtu, la sivyo wiki ijayo daftari litakuwa tupu na utadhani mambo yamekuwa mazuri.

Kebo mbovu usiiwekee teipu nyekundu ukairudisha kwenye boksi na zingine, teipu inabanduka na kuna dogo ataichomeka kesho kwenye ukumbi mwingine. Ikate plagi palepale.